Mkeka Kama Mkataba: Ususi wa Mkono na Mahusiano ya Kijamii katika Eneo la Bura, Garissa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya ususi wa mkono katika kujenga na kudumisha mahusiano miongoni mwa jamii ya wafugaji wa Kisomali wa eneo la Bura, Kaunti ya Garissa. Hoja kuu ni kwamba mkeka, katika jamii hii, si chombo cha kulalia au kuezekea tu, bali ni mkataba usioandikwa unaowaunganisha wanawake wanaotoka katika koo mbalimbali. Makala yanaanza kwa kuangalia istilahi za ususi katika Kiswahili na yanaendelea kueleza jinsi nyumba ya kuhamahama inavyosukwa, nani huisuka na ni deni gani linalozaliwa na kazi hiyo. Baadaye yanailinganisha hali hiyo na ile ya visiwa vya Lamu na kisiwa cha Taquile, kisha yanajadili mabadiliko yaliyoletwa na turubai, ukame na mathenge. Inahitimishwa kwamba kinachopotea pamoja na mkeka ni aina ya mahusiano ambayo kiingilio chake kilikuwa mikono mitupu, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kuihifadhi fasihi iliyofungamana nayo.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi hulitumia neno msuko kila siku darasani. Huusifu msuko wa riwaya moja kuwa ni changamano, huulaumu wa tamthilia nyingine kuwa umelegea, na mara kwa mara hutafuta mahali ambapo mwandishi ameacha uzi ukining'inia. Ni wachache, hata hivyo, wanaokumbuka kwamba istilahi hiyo imeazimwa kutoka katika kazi ya mikono, yaani kazi ya kusuka nywele, ukili, kamba na mikeka. Uhakiki umeuchukua msuko na kumwacha msusi. Makala haya yananuia kumrudia msusi huyo na kuuliza swali moja: watu wanaosuka pamoja, wanasuka nini zaidi ya kile kinachoonekana mikononi mwao?

Bura inayozungumziwa hapa yahitaji kubainishwa, kwa kuwa jina hili lina wenyewe wengi nchini Kenya. Iko Bura ya Taita. Iko Bura ya Tana River, magharibi ya Mto Tana, inayojulikana kwa mradi wa kilimo cha umwagiliaji. Na iko Bura ya Garissa, mashariki ya mto huo, ambayo ni makao makuu ya kaunti ndogo ya Fafi, kwenye njia itokayo mji wa Garissa kuelekea Masalani, Ijara na hatimaye Lamu. Wakazi wake wengi ni Wasomali wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Majirani zao wa bonde la mto ni Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi, pamoja na Waorma, ambao ni wafugaji wenzao.

Mahali hapa pana sifa za kisiwa, ijapokuwa pako mbali na bahari. Upande mmoja kuna mto. Upande wa pili kuna nyika kavu iendayo hadi mpaka wa Somalia. Mvua kubwa zinaponyesha, kama zile za mwaka 1997 na 1998 au zile za mwishoni mwa mwaka 2023, barabara za Garissa hukatika na makazi ya bondeni hubaki yamezungukwa na maji na matope. Katika mazingira ya namna hii, mtu humhitaji jirani kabla hajahitaji duka. Ndiyo sababu kazi inayofanywa kwa mikono mingi hupata uzito ambao mgeni huenda asiuone kwa haraka.

2.0 Istilahi za Ususi na Maana Zake za Kijamii

Kiswahili hutofautisha kwa uangalifu kazi za nyuzi na majani. Kusokota ni kupinda nyuzi hadi ziwe kamba. Kusuka ni kupishanisha chane au nyuzi kwa vidole. Kufuma ni kutengeneza kitambaa, iwe kwa kitanda cha mfumi au, kama ilivyo siku hizi, kwa sindano na sufu. Kutarizi ni kupamba nguo kwa uzi. Kushona huunganisha vipande vilivyokwisha kutengenezwa. Katika ususi wa mikeka ya pwani, majani ya mkindu au ya mkoma hukatwa, huanikwa, huchanwa kuwa chane, husukwa kuwa ukili, na hatimaye kili hizo hushonwa pamoja mpaka mkeka ukamilike.

Msamiati huu haukubaki uani. Watu husuka mipango na husuka njama. Mtunzi wa mashairi hutunga kama vile mwenye shanga anavyotunga shanga katika uzi. Kikao kinapokwisha, jamvi hukunjwa, hata kama waliokutana walikuwa wameketi vitini. Methali nayo huonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Anayeitumia methali hii hazungumzii mikeka; anazungumzia uaminifu, yaani thamani ya kile kilichomstahimili mtu kwa muda mrefu mbele ya kile kinachong'aa leo na kesho hakipo. Hivyo basi, lugha yenyewe inashuhudia kwamba jamii ya Waswahili iliuona mkeka kuwa kipimo cha mahusiano.

Wasomali wa Bura wana msamiati wao, nao unastahili kufahamika kwa mwanafunzi wa Kiswahili kwa kuwa lugha hizi mbili hukutana kila siku sokoni na shuleni. Nyumba ya kuhamahama huitwa aqal. Matao yake ya miti au mizizi iliyopindwa huitwa dhigo. Mkeka mzito wa kuezekea huitwa kebed. Chombo cha kuhifadhia maziwa au maji, kinachosukwa kwa nyuzi za mimea kwa ustadi mkubwa hata kisivuje, huitwa haan. Kiswahili hakina neno moja linalolingana barabara na kebed, kwa kuwa mkeka wa Mswahili hutandikwa chini ilhali huu hupanda juu ukawa paa na ukuta. Tofauti hiyo ndogo ya kileksika inaficha tofauti kubwa ya maisha: kwa mfugaji, kusuka ni kujenga.

3.0 Nyumba Inayosukwa

Aqal ni nyumba ya umbo la kuba. Matao hukitwa ardhini na kufungwa pamoja kwa kamba, kisha mikeka hutandazwa juu yake na kukazwa. Mikeka ya kuezekea huachiwa nyuzi nyingi upande wa nje ili maji ya mvua yateremke badala ya kupenya. Upande wa ndani husukwa vizuri, kwa kuwa ndio unaoonwa na wenye nyumba wakilala. Wakati wa kuhama ukifika, nyumba yote hufunguliwa na kupakiwa juu ya mnyama. Matao yaliyokuwa paa hugeuka kuwa kiunzi cha mzigo mgongoni mwa ngamia, na mikeka iliyokuwa ukuta hugeuka kuwa matandiko. Katika kazi hii hakuna kinachotupwa.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba kazi hii yote ni ya wanawake. Wao ndio wanaokusanya majani, magome na nyuzi, wanaosuka, wanaosimamisha nyumba na wanaoibomoa. Labelle Prussin, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu usanifu wa majengo ya wafugaji wahamaji wa Afrika, alionyesha kwamba kuwaita wahamaji watu wasio na majengo ni kosa linalotokana na kumtafuta mjenzi mwanamume. Mjenzi yupo, ila ana watoto mgongoni na nyuzi mkononi.

Kwa desturi, aqal ya kwanza ya mwanamke hutayarishwa kabla ya arusi yake, chini ya uongozi wa mama yake. Nyumba hiyo pamoja na vyombo vyake huwa sehemu ya dhibaad, yaani mali ambayo upande wa bibi arusi humpa binti yao anapoolewa. Hii ni tofauti na yarad, ambayo hutolewa na upande wa bwana arusi, na pia tofauti na meher, ambayo ni mahari ya kisheria katika Uislamu. Matokeo yake ni kwamba nyumba ni mali ya mke. Mume mwenye wake wawili hana nyumba mbili; ana wake wawili, na kila mmoja ana nyumba yake. Mwanamume ambaye hajaoa hana aqal ya kuiita yake. Kwa hiyo, katika jamii ambayo mifugo huhesabiwa kwa jina la baba, mkeka humpa mwanamke kitu ambacho si cha kuombwa wala kuazimwa.

Hata hivyo, hakuna mama anayeweza kuikamilisha kazi hii peke yake. Mikeka ya nyumba moja huhitaji miezi ya kukusanya, kukausha, kulainisha na kusuka. Jifya moja haliinjiki chungu. Mama huwaalika jamaa na majirani, nao huja kwa zamu au kwa pamoja, wakaketi kwa safu mbele ya mkeka mmoja. Mwenye kazi huandaa chai na chakula. Hakuna ujira. Lakini kukosekana kwa ujira si kukosekana kwa malipo. Mwaka 1925, Marcel Mauss alieleza katika insha yake kuhusu zawadi kwamba zawadi huzaa wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Aliyekuja kusuka leo amempa mwenzake zawadi ya siku yake, na siku ile itarudi binti yake atakapoolewa. Deni hili haliandikwi popote, wala halihitaji kuandikwa, kwa sababu mkeka wenyewe ndio hati. Kila anapoingia nyumbani na kuinua macho, mama huyaona mapito ya vidole vya watu anaowajua kwa majina.

4.0 Mkeka na Nasaba

Maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu jamii ya Wasomali yamejengwa juu ya nasaba ya wanaume. I. M. Lewis, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1961 kuhusu demokrasia ya wafugaji wa kaskazini mwa Somalia, alionyesha jinsi mtu anavyotambuliwa kwa kutaja majina ya baba zake, na jinsi koo zinavyoungana au kutengana kwa kufuata orodha hiyo. Mtazamo huo umekuwa na nguvu kubwa, na mwanafunzi anayesoma kuhusu Garissa hukutana na koo kabla hajakutana na watu.

Lakini ndani ya maelezo hayo hayo ya Lewis mna jambo linalofungua mlango mwingine. Alieleza kwamba wafugaji hao walipendelea kuoa nje ya ukoo wao wa karibu. Maana yake ni kwamba wake wanaoishi katika kambi moja mara nyingi ni mabinti wa koo tofauti. Wanaume wa kambi wanaweza kuitana ndugu kwa sababu wana babu mmoja. Wake zao hawana babu huyo. Wanawake hawa wanahitaji njia nyingine ya kufanywa kuwa watu wamoja. Ususi ni mojawapo ya njia hizo.

Hapa ndipo ilipo hoja ya msingi ya makala haya. Nasaba huwapanga watu kwa waliozaliwa na nani. Mkeka huwapanga kwa waliofanya kazi na nani. Nasaba hurithiwa na haiwezi kukataliwa; uhusiano wa mkeka hutendwa, na usipotendwa hufa. Wanawake walioketi katika safu moja wanaweza kuwa mabinti wa koo ambazo waume na kaka zao wanazozania maji na malisho. Ni dhahiri kwamba mkeka hauzuii ugomvi wa namna hiyo, na haitakuwa sahihi kuupamba ususi kwa sifa usizokuwa nazo. Hata hivyo, watu wanaodaiana siku za kazi wana sababu ya kuendelea kuzungumza hata wakati ambapo wanaume wamenyamaziana.

Uhusiano huu pia huvuka vizazi. Msichana haanzi kwa kusuka. Huanza kwa kuletea wakubwa nyuzi, kisha huachiwa pembe ya mkeka, na akikosea hufumuliwa mbele ya wote. Huko kufumuliwa ni somo kamili. Kunamfundisha kwamba kosa lake litabebwa na nyumba ya mtu mwingine, na kwamba mvua haitamuuliza aliyelisuka tundu hilo alikuwa na umri gani.

5.0 Wimbo Ndani ya Kazi

Kwa mwanafunzi wa fasihi, ususi una jambo la ziada: huimbwa. Axmed Cali Abokor, katika uchunguzi wake wa nyimbo za kazi za wafugaji wa Kisomali uliochapishwa mwaka 1993, alizichukulia nyimbo hizo kuwa sauti ya kishairi ya wale wasio na mamlaka. Fasihi ya Kisomali inajulikana duniani kwa mashairi mazito ya wanaume, yanayotungwa kwa ajili ya mabaraza ya hadhara. Nyimbo za kusuka, za kutwanga na za kunywesha mifugo zimechukuliwa kwa muda mrefu kuwa ni tanzu ndogo. Lakini katika nyimbo hizo mke huweza kumlalamikia mume bila kumtaja, binti huweza kusema asiyoruhusiwa kusema mbele ya baba, na mvivu huweza kuchekwa bila ya kuvunjiwa heshima moja kwa moja. Anayeulizwa atajibu kwamba alikuwa akiimbia mkeka.

M. M. Mulokozi amesisitiza katika maandishi yake kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Wimbo wa kusuka unathibitisha hoja hiyo kwa namna ya pekee, kwa kuwa hapa hadhira na fanani ni watu wale wale, na mapigo ya wimbo hutokana na mwendo wa mikono. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na uzi hukazwa pamoja. Wimbo huu ukiimbwa jukwaani na watu walioshika mkeka uliokwisha kusukwa, maneno yatakuwapo lakini tukio halitakuwapo.

Ni vyema pia kuangalia istilahi zilizozoeleka katika ufundishaji wa fasihi simulizi nchini Kenya. Wanafunzi hufundishwa kwamba nyimbo za kazi ni hodiya, kwamba za wakulima ni wawe, na kwamba za mabaharia ni kimai. Mkulima amepewa istilahi yake na baharia amepewa yake. Msusi, ambaye kwa kawaida ni mwanamke na hufanyia kazi yake nyumbani, huachwa ndani ya kapu la jumla la hodiya. Uainishaji si kazi isiyo na upande. Kisichokuwa na jina darasani huwa vigumu kutafutwa nyanjani.

6.0 Ulinganisho: Visiwa vya Lamu na Taquile

Njia inayopita Bura huishia Lamu, na ulinganisho wa sehemu hizi mbili una mafunzo. Katika visiwa vya Lamu, kama ilivyo katika sehemu nyingine za pwani ya Waswahili, mkeka humpokea mtu katika hatua kuu za maisha. Mzazi hupumzikia mkeka, wageni wa arusi hukaribishwa juu ya mikeka, na wafiwa huketi mikekani siku za matanga. Lakini utaratibu wa kazi ni tofauti na wa Bura. Ukili ni kitu cha kubebeka. Mwanamke anaweza kuusuka akiwa ameketi na jirani yake, akauzungusha bunda, akaondoka nao, na akaendelea kesho mahali pengine. Uhusiano hujengwa kwa mazungumzo yanayoandamana na kazi, na vipande huungana mwishoni. Huko Bura, kinyume chake, wengi huusuka mkeka mmoja tangu mwanzo. Lamu husuka kwa kukusanya kilichosukwa na kila mmoja. Bura husuka kwa kukusanya wasusi. Njia zote mbili hulifikia lengo moja, nalo ni kumfanya mtu asiweze kusema, "Hiki nimekitengeneza peke yangu."

Mfano wa mbali zaidi unatoka katika kisiwa cha Taquile, katika Ziwa Titicaca nchini Peru. Huko wanaume na wavulana hufuma kofia za sufu kwa sindano, na wanawake hufuma mishipi na nguo kwa vitanda vya mfumi. Kofia ya mwanamume humweleza anayeitazama kama mvaaji ameoa au hajaoa. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Wakazi wa Taquile waliendelea kufuma kwa ajili yao wenyewe hata baada ya watalii kuja kununua, na uuzaji ulisimamiwa na jamii kwa pamoja. Funzo lililopo ni kwamba soko peke yake haliui ufundi. Ufundi hufa pale ambapo wenyewe wanaacha kuuhitaji katika kusemezana.

7.0 Turubai, Mathenge na Ayuuto

Mambo matatu yameibadilisha hali ya ususi katika eneo la Bura. La kwanza ni ukame. Mfululizo wa misimu mitano ya mvua chache kati ya mwaka 2020 na 2022 uliwapokonya wafugaji wengi mifugo yao, kama ilivyotokea pia katika ukame wa mwaka 2011. Asiye na mnyama wa kubebea hahami, na asiyehama haoni haja ya nyumba inayokunjwa. Familia nyingi zimehamia kandokando ya miji, ambako kuta za udongo na paa za bati zimechukua nafasi ya matao na mikeka.

La pili ni mabadiliko ya mimea. Mradi wa umwagiliaji wa Bura, ng'ambo ya mto, ulipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977. Ulikusudiwa kufikia hekta 6,700, lakini haukufika hata nusu ya lengo hilo. Katika miaka ya 1980, mti unaoitwa mathenge uliletwa hapo ili kuwapatia walowezi kuni na kuzuia upepo. Mti huo umeenea katika bonde la Tana, ukaziba njia za mifugo na kuyasonga majani na vichaka vya asili. Msusi anayetafuta malighafi sasa hukuta miiba mahali palipokuwa na nyasi.

La tatu ni turubai. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilianzishwa kuanzia mwaka 1991, na mojawapo, Hagadera, imo katika eneo la Fafi. Pamoja na wakimbizi zilikuja shehena za maturubai. Turubai ni jepesi, halivuji likiwa jipya, na hupatikana kwa siku moja. Lingekuwa jambo la kiburi kumtaka mama aliyekimbia vita au aliyepoteza ng'ombe wake wote aketi miezi kadhaa akisuka paa ili msomi apate cha kuandika. Wanawake walilipokea turubai kwa sababu lilizipunguza kazi zao, na sababu hiyo ni halali.

Hata hivyo, turubai halina deni. Aliyelinunua amemalizana na muuzaji, na aliyepewa ameweka alama ya kidole katika orodha ya msaada. Hakuna jirani anayedai siku, wala anayedaiwa. Swali la kitaaluma basi ni hili: mahusiano yaliyokuwa yakibebwa na mkeka yamekwenda wapi?

Jibu moja linapatikana katika ayuuto, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu unaojulikana kwa Waswahili kama upatu au, kwa lugha ya leo, chama. Kila mmoja hutoa kiasi kilichokubaliwa, na kila duru mmoja huchukua kitita chote. Kimuundo, ayuuto na safu ya ususi ni ndugu: kuna zamu, kuna uaminifu, na kuna fedheha kwa anayepokea kisha akatoroka. Wanawake wa Kisomali wameitumia kujenga biashara na kusomesha watoto, kutoka Garissa hadi Eastleigh jijini Nairobi. Kwa hiyo si kweli kwamba umoja wa wanawake umekufa. Umehama, kama ambavyo wenyewe wamezoea kuhama.

Lakini katika kuhama huko kuna mtu aliyeachwa nyuma. Kiingilio cha mkeka kilikuwa mikono miwili. Mjane, mwanamwali na bibi aliyefilisiwa na ukame, wote waliweza kuketi katika safu na kesho yake wakawa na haki ya kudai. Kiingilio cha ayuuto ni shilingi. Asiyekuwa nazo hana zamu, na asiyekuwa na zamu hana anayemdai. Naye asiyedaiwa na mtu yeyote yu karibu sana na kusahauliwa. Hasara kubwa zaidi iliyoletwa na kutoweka kwa mkeka ni hiyo: imepotea nafasi ambapo maskini aliweza kuwa mkopeshaji.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba ususi wa mkono katika eneo la Bura ni njia ya kuunda jamaa pale ambapo damu haitoshi. Yameonyesha pia kwamba fasihi ya ususi haiwezi kutenganishwa na kazi yenyewe. Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, nyimbo za ususi zikusanywe zikiwa ndani ya kazi, na si kwa kumketisha bibi mbele ya kinasasauti na kumwomba aimbe. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake mwaka 2017, kiko mahali panapofaa kuiongoza kazi hiyo, hasa kwa ushirikiano wa wanafunzi wanaokijua Kiswahili na Kisomali. Pili, itungwe faharasa ya istilahi za ususi katika Kiswahili, Kisomali, Kipokomo na Kiorma. Maneno kama shupatu, chane, kebed na haan yanafifia upesi kuliko vitu vyenyewe. Tatu, Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni imezipa serikali za kaunti jukumu la kusajili maarifa hayo. Usajili wa ususi uandike pamoja na umbo la mkeka utaratibu wa wasusi: nani hualikwa, nani huongoza na deni hulipwaje. Rejesta inayohifadhi mkeka bila safu ya waliousuka itakuwa imehifadhi nusu ya mali.

Methali iliyotajwa hapo mwanzo haimkatazi mtu kuutamani msala. Inamtaka tu, kabla hajauacha mbacha wake, ajue mbacha huo ulikuwa ukimfanyia kazi gani. Wanawake wa Bura wamelichukua turubai, na wana haki ya kulichukua. Wajibu wa msomi ni kuhakikisha kwamba siku mabinti zao watakapouliza ni kwa vipi mama zao, waliotoka koo mbalimbali, walikuja kuitana dada, jibu litakuwapo, na litakuwapo pamoja na wimbo wake.